Testi za Kijani za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo Shemeji katembea ofisini kifua mbele. Testi zake, zile programu ndogo za kukagua mfumo, zote kijani, yaani zimefaulu! Bado hajamwoa Dada, lakini namwita Shemeji hata mbele ya Bosi, na anavyofurahi! Muda wake wa majaribio kazini unaisha wiki hii. Alhamisi watu wa kliniki ya macho wanakuja kuangalia mfumo wa miadi tunaowatengenezea. Bosi kasema wazi: mfumo ukifanya kazi, Shemeji ataajiriwa. Ukianguka, kwaheri. Na Baba naye kashikilia, kwanza kazi, ndoa baadaye. Yaani harusi ya Dada inategemea programu. Makubwa!

Jumanne, 4 Machi

Nimezichungulia testi za Shemeji. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Katika mfumo huu kila huduma — ya kutuma ujumbe, ya kutunza miadi — lazima isajiliwe programu inapowaka. Isiposajiliwa, ukurasa ukiihitaji hauipati, unaanguka. Testi ya Shemeji inatakiwa kuhakikisha zimesajiliwa. Sasa yeye anazisajili mwenyewe, humo humo ndani ya testi, kisha anauliza, mpo? Zinajibu, tupo! Sawa na mtu kwenda kwa jirani na chumvi yake mfukoni, halafu amsifu jirani kwa ukarimu.

Nimemwambia. Akasema, shem, kijani ni kijani. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika testi moja tu. Inawasha programu yenyewe, na usajili wake halisi, kisha inaita huduma moja moja. Nyekundu! Ya kutuma ujumbe haikusajiliwa kabisa.

 Shemeji akatoka nje, akarudi na soda mbili, moja yangu. Akaisajili ile huduma, akafuta testi zake za chumvi, akaomba nimweleze tena polepole. Hapo nilimpenda — kwa niaba ya Dada.

Dada mwenyewe kanifokea jioni, eti namsumbua mchumba wake. Nikamwambia, simsumbui, namnoa.

Kabla ya kutoka kazini niliongeza huduma ya kuchapa kadi za miadi, nikaipeleka kwenye seva, kompyuta inayoendesha mfumo. Testi sikuendesha. Mistari michache tu ya msimbo, na mimi si Shemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika chooni. Nimejifungia.

Shemeji ndiye aliyekuwa anawaonyesha wageni. Matroni wa kliniki akasema, hebu chapa kadi tuone. Shemeji akabonyeza. Ukurasa ukaanguka, puu! Huduma ya kuchapa haijasajiliwa. Yangu! Nyani haoni kundule.

Bosi hasomi msimbo, anasoma nyuso. Akauliza, nani kafanya hivi? Shemeji akanitazama, kidogo tu. Kisha akasema, ni mimi Bosi, nilisahau.

Na mimi nilikuwa wapi? Pale pale, kiti cha pili, napangusa meza isiyo na vumbi. Nikanyamaza! Mimi, mwenye mdomo wote huu. Naona aibu.

Wageni wameondoka. Bosi kamwita Shemeji ofisini kwake, mlango ukafungwa. Dada katuma ujumbe: vipi, mchumba wangu kang'ara? Sijamjibu.

Nikitoka hapa, kulia ni mlango wa Bosi, kushoto ni meza yangu. Naenda kulia. Ngoja ninawe uso kwanza —