Picha Kali za Baba

Bantama, Kumasi
Jumapili jioni

Kwako Kaka Amoateng,

Pokea salamu zetu zote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Kanada haijakuzoesha kula chakula kilicholala. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini kwaya haachi. Ukimwambia apumzike anajibu kwamba koo ni lake, hakuazima kwa mtu. Baba anakusalimu sana. Habari zake ndizo zilizonifanya nikuandikie badala ya kukupigia, maana nikikupigia yeye huwa amekaa hapo hapo karibu nami.

Uliniuliza nataka nini na nywila ya mashine yako ya gemu uliyoiacha sebuleni. Ni hivi. Baba aliniita akasema anataka kuzitazama kazi zake kwenye televisheni kubwa kabla macho hayajachoka zaidi. Ile presha ya macho unaijua, ulikuwepo alipoanza dawa za matone. Akasema amepiga video za mazishi ya nusu ya mji huu, lakini zote ameziona kwenye kioo kidogo cha kamera, au mbio mbio wakati wa kuhariri huku wafiwa wakimgongea mlango. Hajawahi kukaa kitini kama mgeni akatazama. Na video zenyewe zimelala kwenye diski zilizorundikwa ndani ya mikebe ya biskuti. Moja ilishakufa na mazishi yaliyokuwemo, na ukoo mmoja wa Suame haumsalimii mpaka leo.

Basi nikaanza kutafuta sanduku la kuhifadhia, lile linalounganishwa na ruta, ambalo likishapewa video zote, mashine yako inazivuta na kuzionyesha kwenye televisheni. Unanijua, siwezi kununua hata ndoo bila kuiwazia. Nilitaka lenye diski mbili zinazobeba kitu kile kile, ili moja ikifa marehemu wa watu wasipotee tena. Nilitaka waya upite ukutani, kwa sababu picha kali ikirushwa hewani kwenye nyumba yetu hii inakwama kila baada ya muda. Nilitaka pia betri ya kulishikilia umeme ukikatika. Zaidi ya yote nilitaka picha isipungue hata kidogo. Nilisema moyoni kwamba kama macho ya Baba yamebakiwa na nguvu kidogo, nitayapa kitu kinachostahili.

Gyimah, yule muuzaji wa vifaa hivi kule Adum, alinicheka dukani mbele ya watu. "Dada, ukali wote huo ni wa mazishi? Marehemu mwenyewe halalamiki!" Nikamwambia anayelipa ni mimi, marehemu amwache apumzike. Halafu akaniambia kwa uzito kwamba sanduku nililochagua ni dhaifu. Kama mashine ya gemu haielewi aina fulani ya video, sanduku hilo haliwezi kuigeuza, na nichukue lile lenye nguvu. Sikumsikiliza. Nilidhani anataka tu kuniuzia la ghali. Nilifika nyumbani nikalijaribu kwa video ya harusi ya binamu yetu, iliyopigwa kwa simu, ikapita vizuri kabisa. Nikajiona nimemaliza.

Jana Mama alivaa nyeusi akaenda msibani Mampong, tukabaki Baba na mimi. Nilimuuliza aanze na ipi. Akasema mazishi ya Bibi. Unakumbuka watu walivyomsema siku ile, kwamba mama yake amelala pale na yeye anazunguka na kamera kama kibarua. Alikataa kumpa mtu mwingine kazi hiyo.

Nikaiwasha, na niliposikia ngoma zimeanza nikaenda ukumbini kuangalia taa za ruta. Nikamsikia Baba akicheka. Akaniita nije nione shangazi zetu walivyotokea na nguo zao nyekundu na nyeusi, nione huyo wa mwisho anavyojitingisha kana kwamba yeye ndiye mfiwa peke yake. Akasema, sasa nageukia mlangoni, tazama, wanatoa jeneza, hapa mkono utatikisika kidogo.

Nikarudi, nikasimama nyuma ya kiti chake. Televisheni ilikuwa nyeusi tii. Sauti ilikuwa inatoka, picha haikuwepo. Mashine yako haikuielewa video ya kamera ya Baba, na sanduku halikuwa na nguvu ya kuigeuza, kama Gyimah alivyosema.

Nadhani alisikia hatua zangu. Akasema, "Konadu, kaa chini basi, unanizibia."

Kaka, nilikuwa nyuma yake.

Nilikaa. Nikamwambia kwamba hakuna picha. Alisikiliza mpaka ngoma zikapungua. Halafu akaniambia kwamba jicho la kulia lilizimika kabla ya Pasaka, na la kushoto linalifuata. Amekuwa akienda kazini akiegemea sauti na mazoea, mpaka alipoanza kukataa kazi kwa kisingizio cha mgongo. Mama hajui. Akaniomba nisimwambie Mama mpaka atakapomwambia mwenyewe, na wewe nisikwambie kabisa, kwa sababu utaacha masomo uje kumshika mkono kama mtoto. Sikumwahidi. Nilimshika bega tu, na yeye akachukua hilo kuwa ni ndiyo.

Alipolala mchana niliigeuza video ile kwa kompyuta yangu na kuitazama peke yangu. Shangazi wapo, na huyo wa mwisho anajitingisha vile vile. Jeneza linapotoka, picha inatikisika.

Kesho nampeleka hospitali, akubali asikubali. Sikwambii uache masomo. Lakini jicho la kushoto bado linatofautisha mwanga na giza, na mtu akisimama mlangoni mchana, Baba anaona kivuli chake na anaweza kumjua kwa urefu. Wewe ndiye mrefu kuliko wote humu ndani. Njoo usimame mlangoni.

Wasalimie wenzako unaokaa nao. Mungu akutunze huko uliko mpaka akurudishe kwetu.

Ni mimi mdogo wako,
Afua Konadu