Aliyeweka Dirisha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi. Nimefungua steshenari nikiwa na koti la Baba. Mteja mmoja tangu asubuhi, fotokopi moja, na akalalamika haijakolea.

Jana Hamza alipita stendi akaniwekea mchezo kwenye simu. Dakika chache tu, Mama kasimama pembeni kama askari wa benki. Ni mchezo wa matofali. Dunia nzima ya matofali — milima, ng'ombe, hata jua! Unavunja, unabeba, unajenga. Hakuna kushinda. Nikamuuliza sasa mwisho wake nini. Akasema hauna mwisho, ndiyo raha yake.

Sababu ya mchezo ni Baba. Hataki kumwona Hamza nyumbani kwetu mpaka ndoa, baada ya Maulidi. Kila neno linapita kwa mshenga, Mzee Shabani. Basi tutakutana humo, yeye akiwa Mombo, mimi Lushoto. Dunia yenyewe iko kwenye seva ya rafiki yake, haizimwi. Tutajenga, kasema. Nikamuuliza na nyumba ya kweli je, tutakaa huku juu au kule chini kwa mama yake? Akasema tutaona.

Tangu posa ni tutaona.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejenga. Sikukusudia. Nilikuwa nangoja mashine ya lamination ipate moto.

Nimechagua mlima. Nyumba ndogo ya mbao, mgongo wake umeegemea mwamba. Halafu nikakata matuta kutoka chini hadi mlangoni, ili mvua isishushe udongo. Modesta — tunakaa naye kaunta moja, yeye wakala wa kutuma pesa — akachungulia akauliza, kwani humo udongo unashuka? Nikasubiri mvua ya humo. Ikanyesha. Haikubeba hata punje. Nimeendelea na matuta. Mimi mteremko mtupu siwezi kuutazama.

Kinachonishika ni hiki: ukivunja tofali, linarudi mkononi zima. Mwaka jana fundi alikosea ukuta wa jiko letu, akavunja, tukabaki na kifusi na maneno. Humo hakuna kifusi. Unakosea, unatoa, unaweka upya, na hakuna shangazi wa kusema kitu.

Jioni Hamza kaingia. Anaendesha greda, siku nzima anasawazisha barabara. Kaingia mchezoni, kaanza kusawazisha kilima. Nikamwandikia: hicho kilima kimekukosea nini? Akajibu: kinaziba.

Kinaziba nini, hakusema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Tumefunga. Mama kanikuta na simu, nikamwambia ni mambo ya ofisi. Akasema ofisi gani hiyo ina kondoo.

Nimeshuka tambarare kuona Hamza kafika wapi. Kuna nyumba! Juzi haikuwepo. Nadhifu, ya mawe, paa limepangwa vizuri. Nikaingia. Chumba cha kwanza, vitanda viwili vimegusana. Hapo nimeona haya peke yangu. Cha pili jiko. Cha tatu kitanda kimoja, na mlango. Mlango wenyewe unatokea chumbani kwetu. Moja kwa moja!

Basi jibu ndilo hilo. Kitanda cha mama yake. Tambarare, joto, na mama mkwe anaingia alfajiri kuuliza chumvi imewekwa wapi. Kwa mdomo ameshindwa, kasema kwa matofali. Nimekasirika mpaka chai ikapoa mkononi.

Sikumwandikia neno. Nimechukua mawe nikaziba ule mlango. Ukuta mzima, chini hadi juu. Nikatoka.

Jumapili, 10 Agosti

Ukuta wangu upo. Lakini katikati kuna dirisha.

Dogo. Kioo kimoja tu, usawa wa macho. Yaani mlango umeukataa, haya, basi tuonane. Nimecheka kwa sauti, Mama akagonga ukuta. Mtu huyu kwa mdomo hana neno hata la kuombea maji, kumbe ndani ana haya yote!

Nimeweka sufu nyekundu upande wetu wa kioo. Hilo pazia. Nione atasemaje.

Jumanne, 12 Agosti

Pazia limekubaliwa. Na si hilo tu. Kitanda cha chumba cha tatu kimetolewa nje kabisa, kimejengewa kibanda chake uani, na njia ya kokoto mpaka mlango wa jikoni. Wa jikoni, si wa chumbani. Nimeacha mkate ndani ya sanduku, shukrani.

Mzee Shabani kaja jioni na ujumbe rasmi. Kanywa vikombe viwili vya chai, kajikohoza, kasema upande wa bwana harusi wanasema suala la makazi litazungumzwa. Ijumaa ya wiki ijayo atarudi tulifunge. Baba kasema sawa. Mimi jikoni nimejiziba mdomo na kanga. Litazungumzwa! Limeshahamia uani!

Niandike tu, hakuna anayesoma. Mpaka juzi nilikuwa nimekubali kuolewa. Nilikuwa nimekubali tu, kama mtu anavyokubali zamu. Leo nataka. Nampenda huyu wa dirisha.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekuta kuku kwenye tuta langu la pili. Kazungushiwa uzio, hakuna barua wala nini. Kuku!

Na ule upande wa mlima niliouacha, mtu kaukata matuta. Yamefuata mlima unavyopinda, hayajalazimishwa. Hamza, mtoto wa Mombo, dereva wa greda! Nimemwambia Modesta mapenzi yanabadilisha mtu. Modesta kahesabu noti zake mpaka mwisho ndipo akajibu: hajaona bado mapenzi yaliyomfundisha mwanaume kukata matuta.

Wivu. Yeye hajawahi kupewa kuku.

Jumamosi, 16 Agosti

Hamza kapanda leo kufuata spea ya greda. Tumeonana stendi, Modesta kanisindikiza ili watu wasipate la kusema.

Nikamshukuru kwa dirisha. Akasema dirisha gani?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema basi kuku. Kuku gani? Kibanda cha uani? Akaniangalia kama nina homa.

Mchana hachezi, kasema. Simu kubwa anaiacha nyumbani isiingie vumbi, kazini anakwenda na kitochi. Jioni anaingia, anasawazisha kidogo, analala. Ile nyumba ameiona, ndiyo. Alidhani nimejenga mimi. "Umejenga vizuri," akasema.

Nikauliza mchana simu anabaki nayo nani. Akafikiri kabisa. Nani, ni mama tu, na mama hata kuwasha data hajui.

Basi likapiga honi, akaondoka na spea yake.

Mama Mwanamisi. Mama yake mzazi.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika ili nielewe. Nyumba kajenga mama mkwe. Dirisha kaweka mama mkwe. Kuku, matuta, kibanda. Nimependa mtu kwa ajili ya dirisha, na mtu mwenyewe ni mama mkwe wangu.

Aibu ipo. Nimemzibia mlango. Kwa mawe, bila hata shikamoo.

Lakini aibu siyo inayouma. Kinachouma ni Hamza. Nyumba ya vyumba vitatu imeota kwenye uwanja wake, kapita mbele yake kila jioni, hakuniuliza wala kunisifia mpaka nimefungua mdomo mimi. Na nilikuwa nimeshampenda kwa ajili ya kuku ambaye hakumleta. Nimelia kidogo. Mama kauliza, nikasema vitunguu. Tulikuwa tunapika ugali.

Halafu nikamuuliza Mama, kwa mbali, mama yake Hamza ni mtu wa wapi hasa. Kasema ni wa huku huku juu, Mlalo. Kaolewa binti mdogo, kashushwa Mombo. Joto halipendi mpaka leo. Akija huku msibani, matanga yanaisha, watu wanatawanyika, yeye bado yupo anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nimemtumia Hamza meseji: kabla ya Ijumaa nataka jibu la makazi kutoka kwako, kwa sauti yako. Hajajibu.

Jumanne, 19 Agosti

Hajajibu. Mchezoni sijaingia. Naogopa kumkuta.

Naogopa na kutomkuta.

Jumatano, 20 Agosti

Saa nne asubuhi. Hamza yuko kwenye greda. Nimeingia, na "Hamza" kasimama kwenye matuta yangu. Mwili wa kiume, kofia ya bluu, ananitazama.

Sikujua nifanye nini. Humo hakuna shikamoo. Kuna kitufe cha kuchuchumaa. Nimechuchumaa. Nikabaki hivyo hivyo, maana mtu wa matofali sijui anaitikia lini.

Maandishi yakaja, polepole, neno moja moja. Marahaba mwanangu. Inuka.

Nikainuka. Akaandika, umeshajua ni mimi. Nikajibu ndiyo, mama. Hamza hajui, akaandika. Nikajibu hajui, mama.

Mteja kaja kutaka fotokopi ya kitambulisho. Nikamwambia mashine inapata moto. Ilikuwa imepata tangu saa mbili. Modesta kamtazama yule mtu mpaka akasema atarudi.

Halafu mama mkwe kaandika kwa muda mrefu. Nanakili kama nilivyosoma, yasipotee. Ule mlango aliuweka makusudi, aone nitafanyaje. Nikaziba. Akasema moyoni, huyu anajua kukataa. Yeye aliposhushwa Mombo hakukataa, hakujua kama mtu anaweza. Ijumaa Mzee Shabani akija, niseme mimi kwamba nataka tukae juu. Akisema yeye, watasema mama amechoka, anataka kumfuata mtoto. Nikisema mimi, wataona ni madai ya bibi harusi, watakubali. Na mimi nikipata juu, na yeye atapanda.

Mwisho kaandika: kama utanipa nafasi.

Nimesoma mara mbili. Kukaa juu nataka. Huyu mama namtaka, sijui nilisemeje vizuri zaidi, namtaka kabisa. Hamza sijui. Na humpati mama mkwe dukani bila mwanawe. Siku mbili zimebaki.

Sijajibu. Jua la humo likaanza kuzama, na usiku humo hutoka mazimwi. Mama mkwe bado kasimama kwenye tuta, mikono mitupu. Siku ya humo ni dakika chache tu, na usiku wake sijui kama umeshawahi kumkuta nje. Nikafungua mlango nikamwandikia, ingia mama, upesi.

Ameingia. Kazunguka, kaangalia paa, kaangalia kitanda. Kitanda ni kimoja. Sufu ya kutengenezea kingine sina, kondoo wako nje na mazimwi wako nje.

Nimechukua sururu nikaanza kuvunja ukuta wa nyuma, ule ulioegemea mwamba, kuongeza chumba ndani ya mlima. Hakuuliza ni chumba cha nani. Kachukua sururu ya pili kwenye sanduku langu, kasimama pembeni yangu, kaanza naye.

Sasa simu inaita. Ni Hamza, kwa kitochi. Labda amepata jibu. Nikipokea, mchezo unakatika, na mama mkwe anabaki peke yake na mlango niliosahau kuufunga.

Nimeilaza simu kaunta, naandika. Modesta anasema pokea au kata, inamtoboa masikio. Bado inaita. Jina lake limefunika nusu ya juu ya kioo. Nusu ya chini, mama anaendelea kuchimba.