Bata Hawatui Kwenye Pamba

Kibara, Bunda

Kaka Magesa,

Mama hajambo, mguu umeanza kupungua uvimbe. Umeuliza habari za pamba yako. Imeota vizuri.

Shamba la Baba lilipokuwa la mpunga, bata maji walikuwa wanatua humo, na mume wangu Boniphace aliwategea hapohapo nyumbani. Ulipoamuru tulime pamba nilikwambia, "Bata hawatui kwenye pamba." Ukacheka. "Si mtakula kuku?"

Kuku walikufa kwa kideri. Boniphace akafuata swala hifadhini, akakamatwa. Kafungwa miaka mitatu.

Mama anakuombea kila jioni. Akianza kukutaja, mimi natoka nje. Krismasi usije. Kaa hukohuko Musoma.

Ndugu yako kwa kuzaliwa tumbo moja tu,
Selestina