Kwa Ate Nena, Uliyebeba Kikapu Changu Sokoni Nizwa

Ate Nena,

Shikamoo. Nimeiandika, halafu nimekaa nangoja. Bibi alikufundisha kuitikia "marahaba" kwa sababu weye mkubwa kwangu, nawe ukanifundisha nikwite Ate, dada mkubwa kwa lugha ya kwenu Ufilipino. Leo siku ya kumi na moja, na sijazoea kuwa hakuna wa kuitikia.

Sijaamini bado. Jumatatu nilikupitia wodini nikitoka skuli, ukanitazama miguuni ukasema, "Funga kamba ya kiatu, utaanguka." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Jumanne ukaanguka weye.

Cora, muuguzi mwenzako mliyekuwa mkikaa chumba kimoja, amenieleza. Mlikuwa mnagawa dawa za asubuhi. Ukasema kichwa kinakugonga. Ukaiweka sinia ya vidonge mezani, ukaisukuma ndani kidogo isije ikamwagika, kisha ukakaa chini baina ya vitanda viwili. Basi, hivyo tu. Daktari kasema mshipa umepasuka kichwani. Mtu wa miaka thelathini na mbili, aliyekuwa akipanda ngazi huku anaimba. Nilimuuliza Cora mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu alinishika mkono tu.

Gari iliyokuchukua urudishwe kwenu ilipita njia ya Fanja kwenda uwanja wa ndege, mie niko kwenye mtihani wa hesabu. Nimeyajibu masuali yote. Sikumbuki hata moja.

Ijumaa, siku yako ya kuja kwetu, Bibi alitandika mkeka kama kawaida, akatoa vikombe vitatu, na chako kimo, akavitazama, akaenda chumbani. Baadaye akanambia, "Nimemwombea. Mungu anajua pa kuipeleka dua yangu."

Unakumbuka mlivyojuana? Bibi alilazwa na kidonda cha sukari mguuni, akawa anasuka ukili wa mkeka kitandani ili asisikie maumivu. Ulikuja na bakuli la maji ya dawa, ukauona ukili, ukasimama. Mie nilidhani utamkataza asichafue shuka. Kumbe ulikuwa unalia. Ukanambia kwa Kiingereza kuwa mama yako, huko kisiwani kwenu, anasuka mikeka, na mikono yake inakwenda vile vile. Nikamfasiria Bibi. Bibi akakusogezea majani ya mtende, akasema, "Mwambie akae."

Toka siku hiyo mkawa mnabishana. Bibi anasuka ukili mwembamba kwanza, kisha anaushona mzunguko kwa mzunguko mpaka uwe mkeka. Weye ulisema kwenu mkeka hauna mshono, unaanzia pembeni unakwenda wote kwa pamoja, na maua yanatiwa humo humo kwa majani ya rangi. Bibi akakwambia huo utafumuka. Ukamwambia wa mama yako umelaliwa na watoto saba. Mie katikati, nafasiri mpaka koo linakauka, mwisho mkawa hamnihitaji tena. Ulishajua Kiswahili cha Bibi, na Kiswahili cha nusu ya vibibi waliolazwa, waliokulia pwani ya Afrika kama yeye. Ukimaliza kumpiga mtu sindano unamwambia "salamat", ambayo kwenu ni ahsante, na mgonjwa anafahamu, kwa Kiarabu, unamtakia afya. Hukumsahihisha hata mmoja.

Na ile Ijumaa ya ngoma. Ulimkalisha Bibi chini upande mmoja na mama yangu upande wa pili, ukawapa fito mbili ndefu wazigonge chini, kisha wazigonganishe, nawe ukaruka katikati, miguu mitupu, kama ndege anayekwepa mtego. Ulisema ndiyo ngoma ya kwenu khasa. Mama alicheka mpaka akaharibu mapigo, fito zikakubana kifundo cha mguu. Ulichechemea wiki nzima, na kazini hukukosa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ilikuwa Alkhamisi, sokoni. Nilikuwa na Samira na Ruqaya, wasichana wa darasa langu. Unajua skuli nilivyokuwa nikichekwa. Kiarabu changu kinawachekesha, na siku waliponisikia nasema Kiswahili na mama langoni, waliniita Mzinjibari, mtu wa pwani asiye wa hapa, muhula mzima. Siku ile ndiyo kwanza wamenialika kutembea nao. Ukatokea kwenye maduka ya tende, umevaa ile gauni ya buluu, ukaita kwa Kiswahili, watu wote wanasikia, "Zuwena, mdogo wangu! Bibi hajambo?"

Samira akaniuliza, "Nani huyu?"

Nikasema kwa Kiarabu, "Mtumishi wetu wa nyumbani."

Nilijua unalijua neno hilo. Miaka mitatu wodini, utakosaje kulijua? Nilikiona kicheko chako kikikatika. Nikangoja useme. Ungesema neno moja tu ningezama ardhini, na ilikuwa haki yangu. Badala yake ukaja, ukanichukulia kikapu mkononi, ukainamisha kichwa, ukatufuata nyuma hatua mbili mpaka kwenye gari tuliyokujia, kama mtumishi. Ukakiweka kikapu ndani, ukasema, "Kwaheri, bibi mdogo." Ukenda zako kwa miguu, na jua lile.

Uliubeba uwongo wangu pamoja na kikapu, ili mie nisiaibike. Na Ijumaa ukaja kama kawaida, na mfuko wa majani uliyoyatia rangi. Hukunitazama kwa jicho baya. Nilipokutilia chai nikapitiliza mpaka ukingoni, ukasema tu, "Imetosha, itamwagika."

Sikukuomba radhi. Kila Ijumaa nilisema ijayo.

Mwezi huu mwalimu wa insha ametutaka tuandike juu ya shujaa. Nilikuuliza kwenu mashujaa ni nani. Ulifikiri, ukasema, "Wapo wa vitabuni. Lakini mie namjua mama yangu. Kila siku anaamka, anakwenda kukata majani kwenye maji ya kinamasi, na mgongo unamuuma, na haambii mtu." Nikenda nikaandika kurasa nne, zote juu yako, na kikapu kimo. Nilitaka nikusomee Ijumaa, na mwisho wake niombe radhi. Ilibaki siku tatu tu, Ate. Siku tatu.

Mkeka uliouanza umechukuliwa na Cora, ampelekee mama yako. Bibi alijaribu kuuendeleza akashindwa. Alisema, "Huu ataumaliza mwenye mkono kama wake."

Jana, Alkhamisi, Cora alituma mtu nyumbani kuniita. Nilidhani kuna kitu chako kimebaki. Akanipeleka wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Yupo mzee mmoja wa Bahla, mfinyanzi, macho hayaoni, hana anayekuja kumtazama. Toka asubuhi alikuwa amekaa na mikono yake miwili ameinyoosha juu ya shuka. Wauguzi walimuuliza mara kwa mara anataka nini. Mwisho akasema, "Leo Alkhamisi ya pili. Yule binti hajaja kunikata kucha."

Hakuna aliyekuwa akijua. Hata Cora hakujua. Alkhamisi ndiyo siku yako ya mapumziko.

Hawajamwambia. Cora akanipa mkasi. Nilikaa, nikaushika mkono wake, mzito, mkavu, na udongo umeingia kwenye mikunjo hauwezi kutoka tena. Akavigusa vidole vyangu, akasema, "Wewe siye."

Nikamwambia, "Siye, babu. Yeye amefariki."

Akaniuliza, "Na wewe nani wake?"

Wauguzi wamesimama, wagonjwa wote wanasikiliza. Nikasema kwa Kiarabu changu hiki kinachochekwa, "Mimi ni mdogo wake."

Akanisomea dua kwa ajili yako, kisha akanipa mkono wa kulia.

Ate, kesho Jumamosi skuli inafunguliwa, na ni zamu yangu kusoma insha mbele ya darasa. Samira anakaa dawati la mbele, na Ruqaya nyuma yake. Nimeogopa toka jana. Lakini nitaisoma yote, na ukurasa wa sokoni sitauruka. Na Alkhamisi nitakwenda wodini, na inayofuata, mpaka yule babu arudi kwao.

Lala salama, dada yangu. Niwie radhi.

Mdogo wako,
Zuwena