Nyuma ya Trei za Mayai

Kwako Dada,

Shikamoo. Nakuamkia tena mara ya pili, shikamoo, maana ile ya kwanza najua umeipokea umesimama jikoni na mwiko mkononi, hukuisikia vizuri. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto. Goti lako linasemaje siku hizi? Usinijibu kwamba halijambo. Uliniambia halijambo hata siku ile uliposhindwa kupanda ngazi za kliniki tukakubeba juujuu kama gunia. Shemeji mwambie namsalimu sana, na kwamba ubingwa wa drafti bado ni wangu hata nikiwa mbali. Mimi naendelea vizuri, kwa namna nitakayoieleza huko chini, kwa hiyo kaa kwanza.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Sababu ni kwamba wewe ukishasema ‘haya, niambie, usinifiche’, mimi hapo hapo ndipo ninapoanza kuficha. Karatasi hainiulizi kitu. Kuna jambo nataka ulijue lote, na nikilisema kwa simu nitalitia sukari kama kawaida yangu.

Nianze na barabara, kwa kuwa maisha yangu hapa yako barabarani. Kazi unaijua, kutengeneza majokofu ya chanjo. Asubuhi nawasha gari la kampuni, lile jeupe la mizigo, nazunguka zahanati moja baada ya nyingine, jioni narudi chumbani. Bosi wangu yuko mji mwingine, namjua kwa ujumbe wa simu tu. Kwenye zahanati nesi ananionyesha jokofu kwa kidole, mimi nafungua, nafunga, kisha ananionyesha mlango kwa kidole kilekile. Katika lugha yao nimeshika maneno ya kazi: baridi, joto, limekufa, limepona. Kwa maneno hayo huwezi kumuuliza mtu habari za mke wake.

Sasa skuta. Dada, nilipofika niliziona kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Zinatokea kushoto, zinatokea kulia, zinapanda njia ya waenda kwa miguu, nyingine zinakujia uso kwa uso upande wako mwenyewe, na mwenye skuta anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Nimeona baba, mama, watoto wawili na mtungi wa gesi juu ya skuta moja, na mtoto wa mbele amelala fofofo. Nimeona mtu amekumbatia kioo cha dirisha kipana kama mlango, na dereva wake yuko mbele anaongea na simu. Indiketa kwao ni pambo. Anayekata kona anatoa mguu, tena akikumbuka. Honi nazo zinalia kutwa, na wiki za mwanzo nilidhani natukanwa na mji mzima. Kumbe honi yao haina hasira ndani yake, wanachosema ni nipo hapa, basi. Mimi niliyezoea kwamba kumpigia mtu honi ni kumkosea adabu, nilikuwa naendesha kimya kama mwizi, na kimya changu ndicho kilichokuwa kinawatisha.

Kisha likaja lile kosa. Sisi tulivyolelewa na Baba, mwenye gari kubwa humpisha aliye mnyonge. Siku moja nikamwona mama mmoja amekwama pembeni na skuta yake, anataka kuvuka. Nikasimama katikati ya barabara, nikampungia mkono apite. Ndiyo adabu zetu! Hakupita. Alinikodolea macho tu, kwa sababu hapa hakuna anayesimama kumpisha mtu. Nyuma yangu nikasikia kishindo, kisha mpasuko mdogomdogo mwingi. Alikuwa mtu wa mayai. Alikuwa amepanga trei nyuma ya skuta mpaka zimempita kichwa, na zile za juu zilikuwa zimeruka zikatua kwenye mlango wangu wa nyuma, zinachuruzika.

Hayo nilikusimulia, ukacheka mpaka ukakohoa. Kilichofuata sikukueleza kama kilivyokuwa. Nilishuka nikatoa pochi, akausukuma mkono wangu. Ni mtu mzima, mkavu, ana helmeti yenye ufa uliozibwa kwa utepe wa gundi. Hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja mbele ya kifua changu, akakisogeza hewani polepole bila kukisimamisha, akanitazama kama nimeelewa, akarudia. Alikuwa ananiambia niende. Niende taratibu, lakini niende, nisisimame ghafla wala nisiyumbe, na wao watanizunguka wenyewe maadamu wanajua nitakuwa wapi. Sisi tunasema mwenda pole hajikwai. Nadhani alikuwa anasema hilohilo. Kisha akajipangusa ute wa yai begani, akaondoka.

Kesho yake nikamwona mbele yangu kwenye makutano yaleyale, nikaingia nyuma yake. Hapo nikagundua kwamba hakuna skuta hata moja inayoyasogelea mayai. Hata vijana wale wanaopita kama wanafukuzwa walimwachia nafasi, na mimi nikapita katika nafasi hiyohiyo, kifaranga nyuma ya mama yake. Nikawa namngojea kila asubuhi. Naye akiendesha alikuwa na tabia ya kutoa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Kiganja kikishuka, nilijua mbele kumejaa. Akikunja ngumi, kuna mtu anakuja upande usio wake. Vidole vikichezacheza, twende. Nilimjibu kwa honi moja fupi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuendesha gari katika nchi hii, na sijamgusa mtu tangu siku hiyo.

Huyo ndiye Mzee Trei, Dada. Yule unayemsalimia kila Jumapili.

Hapa ndipo penye shida. Nilikuambia kwamba jioni tunakunywa chai pamoja. Nilikuambia ana mabinti, na kwamba wa mwisho ni mbishi kama mimi. Nilipokuambia ana kikohozi uliniagiza nimchemshie tangawizi, na wiki iliyofuata nikakuletea shukrani zake. Hakuna chai, Dada. Mabinti sijawahi kuwaona, na sijui kama amewahi kukohoa maishani mwake. Tangu siku ya mayai nilikuwa sijasema naye hata neno moja. Nilichokuwa nakijua ni kisogo chake, mgongo wake na mkono wake wa kushoto. Hayo mengine niliyatunga mwenyewe nikila peke yangu huku nimeutazama ukuta.

Unajua kwa nini niliyatunga. Kaka yetu alipofariki kwenye chumba cha kupanga huko ugenini, aliyegundua ni mwenye nyumba aliyefuata kodi yake, na mpaka leo hatujui hasa alikufa siku gani. Ndiyo maana ulinikatalia kusafiri. Ulikubali kwa sharti moja tu, kwamba nipate mtu, hata awe mmoja, ambaye nisipoonekana atajiuliza niko wapi. Niliahidi, na nilijaribu. Nilimsalimia jirani wa mlango wa kushoto kwa bidii mpaka akawa anachungulia kwanza kabla ya kutoka, asikutane nami. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu wanaiona hata nikiwa ndani ya gari. Nikaona bora wewe upate usingizi, nikakupa Mzee Trei.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi uliopita nilichelewa kutoka, nikaingia kwenye makutano kupitia barabara ya pembeni, nikamwona anakuja. Nyuma yake hapakuwa na gari wala skuta, palikuwa patupu. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo: kiganja kinashuka, ngumi, vidole vinachezacheza. Aliposimama kwenye taa nyekundu akakishika kifundo cha mkono ule, akakisugua huku amekunja uso. Mkono ulikuwa unamuuma. Alikuwa anaunyoosha tu, kila asubuhi, na mimi mpumbavu nyuma namjibu kwa honi. Zile ngumi zilikuwa zinapatia kwa sababu hapa wakati wowote yupo mtu anayekuja upande usio wake. Nilicheka peke yangu garini, kisha nikalia, nikajifuta kwa kitambaa cha kufutia vioo. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile, hata siku niliyofika.

Wiki hiyohiyo homa ikanishika. Usiogope, imekwisha. Nililala chumbani siku kadhaa, nikinywa maji ya bomba la bafuni kwa kikombe cha mswaki kwa kuwa jikoni niliona mbali. Bosi alidhani niko kwenye zahanati, na zahanati zilidhani niko kwa bosi. Ulipopiga simu nilijikaza nikakuambia niko na Mzee Trei tunapiga soga. Ukasema nimpe simu umsalimie. Nikakuambia mtandao unasumbua, kisha nikakata mwenyewe. Nikabaki natazama dari, nikimfikiria Kaka. Nilijiuliza kama naye alikuwa na dada wa kumdanganya hivyo, halafu nikakumbuka kwamba alikuwa naye, ni wewe huyohuyo. Niliogopa, Dada, niliogopa sana.

Nilipopata nguvu za kushika usukani nikatoka. Pale kwenye makutano skuta ya mayai ilikuwa imeegeshwa pembeni, injini imezimwa, na mwenyewe amesimama anayakagua magari meupe moja moja. Aliponiona akaingia katikati ya barabara, yeye huyo aliyenifundisha nisisimame, akasimama mbele ya gari langu. Honi zikalipuka kila upande. Akapiga boneti kwa kiganja, akaja dirishani, akaanza kunifokea. Dada, alikuwa wewe mtupu. Sikuelewa ila neno hapa na neno pale, lakini kufokewa na mtu aliyekuwa na wasiwasi nakujua tangu utotoni. Alikuwa anauliza nilikuwa wapi, siku zote hizi, wapi. Nikamjibu kwa maneno niliyo nayo, kwamba nilikuwa joto, nikafa kidogo, sasa nimepona. Akaingiza mkono dirishani akanigusa paji la uso. Kisha akauliza tena wapi, na safari hii alikuwa anauliza nyumba.

Jioni nilimkuta pale pale. Nilitangulia mimi, yeye akanifuata na trei zake tupu, nami namtazama kwenye kioo asije akapotea. Tulipofika alipanda nami ngazi mpaka kwenye mlango wangu. Nikafungua nimkaribishe ndani, nikawaza kwamba leo angalau chai itakuwa ya kweli. Akatikisa kichwa. Akauvuta mlango akaufunga, chumba kikiwa kitupu na sisi wote wawili tuko nje. Kisha akagonga kwa ngumi, kwa nguvu, akatega sikio. Akagonga tena na tena mpaka yule jirani wa kushoto akachungulia. Akamwonyesha jirani mlango wangu, akanionyesha mimi, akamwambia maneno ambayo sikuyajua, na jirani akaitikia kwa kichwa. Basi akaridhika, nadhani kwa kuwa sasa anajua pa kugonga nisipoonekana. Akashuka ngazi akaenda zake.

Jina lake silijui. Sijui kama ule mkono aliwahi kuunyoosha kwa ajili yangu hata mara moja, na sina maneno ya kumuuliza. Wala usidhani kila kitu kimekuwa sawa. Bado nakula peke yangu, jioni ni ndefu, na Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Nisamehe kwa zile chai zote. Endelea kumsalimia Mzee Trei, nitajifunza neno la kumfikishia salamu zako, ila mabinti usiwaulizie tena.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji afanye mazoezi ya drafti. Lile goti lipeleke kwa daktari. Na ukinipigia simu nisipopokea, kasirika kama kawaida yako, halafu ulale. Kuna mtu aliyejaribu mlango wangu akasikiliza jinsi unavyolia nikiwa simo ndani.

Ndimi mdogo wako,

Mbishi