Maelezo ya Bibi Mfuaji kuhusu Vidonge Vilivyokatwa kwa Mkasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bibi Mfuaji, ndivyo anavyojulikana mtaani.
Umri: hana uhakika, amesema aandikiwe sabini na ushee.
Kazi: kufua nguo za watu.
Makazi: chumba cha mwisho, nyuma ya mashine ya kusaga.
Kusoma na kuandika: hajui.

Sajini, kabla hujaandika la maana, andika kwamba mmechelewa. Jumatatu nilisimama kwenye kaunta yenu nikaomba mtu mmoja tu anisaidie kumfikisha mjukuu wangu hospitali. Nikaambiwa hajafanya kosa, nirudi nyumbani. Leo amefanya, mmekuja wanne na gari. Haya, andika.

Mlalamikaji ni binti yangu wa kumzaa, mwenye duka la ushonaji. Mliyemfungia humo ndani ni mjukuu wangu, mtoto wa kike wa marehemu mwanangu wa kwanza, na ni fundi katika duka hilo. Wote wawili nimewalea mimi, kwa hiyo usinitazame ukitafuta niko upande gani.

Mjukuu wangu ana maradhi ya akili. Si siri, wala si laana. Anameza dawa miaka sasa, anafanya kazi, anacheka, ananigombeza nikivaa kandambili za kuchakaa. Nesi wa kliniki alinionyesha: kidonge kimoja jioni baada ya kula, kizima. Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Nampa, anameza, tunaendelea na mazungumzo. Simkagui mdomo kama ng'ombe wa mnadani.

Mwezi uliopita duka lilipata oda ya sare za shule. Mjukuu akahamia kwa shangazi yake hadi kazi iishe, na dawa nikamkabidhi shangazi. Mikono ya mtoto hutetemeka kidogo, ni ile dawa. Binti yangu akaona vifungo vinakaa upande. Badala ya kumrudisha kliniki wakaseme, akachukua mkasi wa kukatia kitambaa, akawa anakata kidonge katikati. Kwake yeye kila kisichokaa sawa hupunguzwa. Hakujua kile kidonge, kama nesi alivyonieleza, kina ganda linaloachia dawa polepole. Ukikikata, dawa yote inamwagika tumboni kwa mkupuo. Mtoto akawa anasinzia juu ya cherehani. Ndipo shangazi akamwachisha kabisa.

Hayo niliyajua Jumatatu, nilipopeleka nguo safi nikakuta mjukuu hajalala, macho makavu, anazungumza na sare. Binti yangu akaniambia akimaliza oda ataendelea na dawa. Aliniambia huku amechoka, hata kula hajala. Sikumpiga. Nilitaka. Mjukuu hakukubali kidonge wala kutoka nje, na mimi simwezi mtu mzima. Ndipo nikaja kwenu.

Mnamo tarehe kumi na nne mwezi huu, yaani leo Alhamisi, saa mbili asubuhi, fundi viatu wa jirani na duka alikuja kuniita. Nikakuta sare zote zimefumuliwa. Mikono huku, kola kule, nyuzi zimejaa sakafuni kama nywele kwa kinyozi. Mjukuu amekaa katikati, ameshika mkasi. Alisema watoto hawapumui ndani ya nguo zile. Binti yangu alikuwa mlangoni analia, anasema duka limekufa, na sasa huyu anataka kumchoma mkasi.

Yeye alikuwa mlangoni. Mimi niliingia ndani, nikakaa chini na magoti yangu haya. Nikamwambia mjukuu, "Mama, nipe huo mkasi. Umechoka."

Akaugeuza. Makali akayashika yeye, mimi akanipa mpini.

"Shika taratibu, bibi, ni mkali."

Hivyo ndivyo shangazi yake alivyomfundisha kumpa mtu mkasi, siku za kujifunza kazi. Mtu anayetaka kuchoma watu hakupi mpini. Andika hilo kwa herufi kubwa, kama mnazo. Binti yangu aliliona. Nami nilimwona akiliona. Lakini gari lenu lilikuwa limeshafika.

Sare zimeharibika, sikatai. Mwenye duka ndiye yule pale kwenye benchi, tangu aje hajainua uso. Mwulize leo, tena kwa upole, kama bado anataka shtaka. Mjukuu apelekwe hospitali leo hii. Na msimmiminie vidonge vya siku zote alizokosa mkidhani mnafidia. Daktari ndiye aseme aanzie wapi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoambiwa, sijapamba. Nimechoka.

Alama ya shahidi: dole gumba la kulia.

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali ni sahihi. Mlalamikaji ameulizwa, ameomba kuondoa shtaka. Gari la kwenda hospitali limeagizwa. Baada ya kuweka dole gumba, shahidi alikataa kuondoka hadi niongeze yafuatayo, na nimeyaongeza: Sajini akija kumtazama mjukuu wangu, aje bila pingu. Amwulize kazi inaendaje, asimwulize kama amepona. Na aje na hilo shati lake lililong'oka kifungo. Mjukuu wangu atamshonea.