Viatu vya Magurudumu

3 Juni

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mtoto mzima, wasiwasi wangu ni mama tu. Ameanza kula? Mguu umeshuka uvimbe?

Dada, huku mambo si mambo. Huyu binti yangu uliyemlea tangu mama yake afariki, uliyempa jina la Chiriku kwa kupayuka, tangu umwache kwangu uende kumuuguza mama hasemi. Nikimsemesha, anaitikia kwa kichwa. Haniiti baba; akinihitaji anakuja kusimama mbele yangu. Jana jirani kamwuliza anataka nini akitimiza miaka saba Jumamosi, akanong'ona: kuteleza na viatu vya magurudumu, kule uwanja wa watoto.

Mimi siendi. Nimezoea kuchomelea mageti. Akiangua kilio katikati ya watu, na jitu kama mimi, mikono imejaa masizi, si watasema nimeiba mtoto? Rudi mapema, nakuomba.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Leo amekunywa uji na kugombana na daktari, kwa hiyo anapona. Lakini sirudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Utaenda. Usinipige chenga. Mfunge nywele taratibu, hapendi kuvutwa kisogoni. Akinyamaza, usimjazie maswali. Msalani umwombe mhudumu wa kike aingie naye, wewe subiri mlangoni.

Naandika kwa ujasiri, lakini moyo uko juujuu. Niandikie siku hiyohiyo.

Dada yako

18 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Jumamosi imepita, na nyingine imepita, kimya. Simu yako haipatikani. Mama ananiuliza, namdanganya. Kama ameumia, niambie. Kama amekukataa, niambie pia. Nitapanda basi, mama atabaki na jirani.

Dada yako

22 Juni

Dada,

Nisamehe. Sote wazima, isipokuwa kifundo cha mkono wangu wa kulia. Kiliteguka, leo ndiyo kwanza nashika kalamu. Simu nayo niliikalia ikapasuka. Ilikuwa hivi.

Nilikaa ukingoni, mtoto akaingia uwanjani. Akaanguka, akainuka. Mara ya pili akaita, "Shangazi!" na kulia kwa sauti. Nikamkimbilia na viatu vyangu vya kazi, nikateleza, nusura nimkanyage. Watu wakageuka. Mlinzi akaja: "Mzee, huyu mtoto ni wa nani?"

Nililoliogopa ndilo hilo. "Ni... wangu," nikasema, na hata mimi nisingejiamini.

Mlinzi akainama. "Binti, unamjua huyu?"

Akafuta kamasi. "Ni baba. Hana viatu vya magurudumu. Mpeni."

Wakanivalisha. Niliposimama tu, kila mguu ukashika njia yake, nikatua kwa makalio, mkono wa kulia chini yangu, kishindo! Halafu nikasikia kicheko, dada. Chake. Alicheka mpaka akakaa chini kando yangu, nami nikacheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo ilikuwa lini.

"Baba, usiangalie miguu! Niangalie mimi!"

Akanivuta kuzunguka uwanja, akisema, akisema, hata pumzi havuti. Mkono aliokuwa ameushika ndio ule uliokuwa unaniuma. Sikuuondoa. Tulitolewa wakati wa kufunga.

Sasa nyumba haikaliki kwa maneno. Bandeji ananifunga yeye, vibaya kupita kiasi. Naogopa kukuomba hili, lakini nitaliomba: mwezi ukiisha, usimchukue. Mwache kwangu.

Mdogo wako

27 Juni

Mdogo wangu,

Sisi salama. Mama anatembea kwa kushika ukuta. Nilipomsomea ulivyotua kwa makalio alicheka, akasema tangu utotoni hukuwa na breki.

Ombi lako sikumsomea. Niliinuka nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Kitanda cha Chiriku kiko chumbani kwangu, mdogo wangu, na usingizi wangu umezoea kumsikia akijigeuza. Sitakudanganya kwamba haijaniuma. Lakini aliyesema "ni baba" mbele ya mlinzi hakufundishwa na mtu.

Nakuja Jumamosi. Nitapitia nyumbani kwangu nikichukue hicho kitanda, kwa hiyo safisha kona ya chumba. Nikifika nitabisha hodi kama mgeni yeyote. Wewe kaa, mwache mwenye nyumba, Chiriku, aje kunifungulia.

Dada yako, shangazi yake